Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mitaro ya Arusha: uchafu unaoingia Mto Themi kila mvua inaponyesha

Kwa:
Waheshimiwa madiwani, watendaji, wahandisi na maofisa mazingira mliokabidhiwa mitaro, barabara na mito ya mji wa Arusha.

YAH: UCHAFU UNAOINGIA MITONI KUPITIA MITARO YA MAJI YA MVUA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawasalimu kwa heshima zote. Barua hii inawekwa hadharani kwa sababu njia ya ndani imeshindikana. Hoja zilizomo zimeandikwa, zimepokelewa na kugongwa mhuri, zimesemwa kwenye mikutano ya mitaa, na jibu lililorudi ni moja: suala linafanyiwa kazi. Masika yamepita, vuli imepita, na mitaro inamwaga vilevile. Hatumtaji mtu wala ofisi kwa jina, kwa kuwa tunachotaka ni kazi ifanyike. Walioandika ni watu wa shughuli hizi: wahandisi na mafundi wa mitaro, wapima maji, na wakulima wa bustani wanaomwagilia kwa maji ya mto.

Shida yenyewe ni hii. Mji wetu unautazama mtaro wa mvua kama chombo chenye kazi moja, kuondoa maji barabarani upesi. Kazi hiyo ni ya lazima, hakuna anayebisha. Lakini mtaro huohuo ni njia ya moja kwa moja kutoka mlangoni mwa gereji, sokoni, kichochoroni na kwenye eneo la ujenzi hadi mtoni. Maji taka ya chooni yanayoingia kwenye bomba yanapelekwa kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Maji ya mvua yaliyobeba oili, tope, kinyesi na plastiki, kwa sehemu kubwa, hayapiti popote.

Na Arusha haiwezi kujifariji kwamba yatatuama mahali na kujisafisha. Tumejenga kwenye mteremko wa Mlima Meru, kimo cha mita 1,400 hivi, maji yanakimbia. Mito ya Naura, Goliondoi, Ngarenaro na Kijenge inakatiza katikati ya mitaa. Themi inashuka kusini kupitia Lemara na Njiro, inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwenye njia hiyo kuna mitambo mitatu ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21 na New Pangani Falls 68. Tope linalotoka kwenye barabara zetu za udongo linakwenda kukaa kwenye bwawa la watu wengine.

Tutende haki pia. Floridi iliyomo kwenye maji ya huku inatokana na miamba ya volkano, haikuletwa na mitaro. Hata rangi ya kahawia ya mto wakati wa masika kwa sehemu ni ya mlima wenyewe. Tunayoyaleta hapa ni yale yanayotoka mjini na yanayoweza kuzuiwa mjini.

HOJA YA 1: Mvua ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote, na ratiba ya usafi haiifuati

Masika yakiisha mwezi Mei, hadi vuli ianze kuelekea Novemba, lami na sakafu za zege zinakusanya vumbi, matone ya oili, unga wa matairi na wa breki, samadi, majivu ya jikoni na mabaki ya sokoni. Milimita 10 hadi 15 za kwanza za mvua zinaosha sehemu kubwa ya uchafu huo kwa mkupuo mmoja. Mvua inayofuata juu ya lami iliyokwisha kuoshwa ni safi zaidi. Anayepima mto katika nusu saa ya kwanza na anayepima siku tatu baadaye wanapima vitu viwili tofauti.

Hili ni jambo la kutia moyo, kwani maana yake hakuna haja ya kuzuia gharika nzima. Ukiweza kushika milimita 15 za kwanza pale zilipoangukia, umeshika sehemu kubwa ya uchafu, na maji yanayobaki yaende zake. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Uwanja wa kuegesha magari wa mita mraba 1,000 ukipata milimita 15 unatoa lita 15,000, yaani safari moja na nusu ya lori la maji la lita 10,000. Kiasi hicho kinashikika. Kisiposhikwa kinaungana na cha jirani, na hekta moja ya lami ikipata milimita 25 inapokea lita 250,000, ambazo takriban tisa ya kumi zinaondoka. Hapo hakuna tena anayeweza kuzishika.

Sasa tutazame usafi wa mitaro unavyofanyika. Mara nyingi kazi inaanza mvua ikiwa imeshaanza, baada ya barabara kufurika. Tope linachotwa kwa koleo na kulazwa ukingoni likauke. Mvua ya kesho yake inalirudisha lilipotoka. Fedha imelipwa, jasho limetoka, na tope limesogea nusu mita.

Chanzo cha hali hii kiko kwenye mikataba. Mkandarasi akilipwa kwa mita za mtaro uliosafishwa, atasafisha mita nyingi iwezekanavyo, na usafiri wa tope ni hasara kwake. Alipwe kwa mita za ujazo zilizofikishwa dampo, kila lori na stakabadhi yake, na ukingo wa mtaro ukaguliwe ndani ya saa 24. Chanzo cha pili ni mwaka wa fedha. Unaanza Julai 1. Zabuni ikitangazwa Agosti, mkataba unasainiwa vuli ikiwa mlangoni. Mkataba wa kusafisha mitaro uwe wa miaka miwili au mitatu, wenye bei za kazi zilizokubaliwa mapema, ili ofisa atoe amri ya kazi tu mwezi Septemba na tena Februari. Kazi iwe imekwisha ifikapo Oktoba 15 kabla ya vuli, na siku ya mwisho ya Februari kabla ya masika.

Kufagia lami nako kufanyike ikiwa kavu, na vumbi lizolewe. Kuosha barabara au sakafu ya soko kwa mpira wa maji kuelekea mtaroni ni kuleta mvua ya kwanza kila siku.

HOJA YA 2: Oili ya gereji na sehemu za kuoshea magari

Kwenye mitaa yenye gereji nyingi, kama Unga Limited, na kila panapooshwa magari karibu na daraja, uso wa maji unaonyesha rangi za upinde wa mvua. Oili chafu ina wanunuzi wake, kwa hiyo inayomwagwa kwa makusudi si nyingi kama watu wanavyodhani. Inayofika mtoni zaidi ni ile iliyolowa ardhini, iliyodondoka sakafuni, na inayooshwa kwenye injini.

Dawa yake inajulikana na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuijenga: chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza inatuliza mchanga, ya pili inaacha oili ipande juu, ya tatu inahakikisha. Tuchukue sehemu inayoosha magari 40 kwa siku ya saa 10, kila gari lita 150. Hizo ni lita 6,000 kwa siku, au 600 kwa saa. Chemba tatu zenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na kina cha maji cha mita 1 kila moja, zinabeba lita 1,800. Maji yanakaa humo saa tatu kwa wastani, na saa moja na nusu hata kazi ikiongezeka maradufu. Muda huo unatosha oili kupanda.

Mambo manne huharibu chemba hizi, na sheria ndogo tunayoiomba isipoyataja itakuwa inajenga mapambo.

La kwanza, bomba la kutoka chemba moja kwenda nyingine. Likiwekwa wazi juu, oili inapita nayo. Liwe la inchi 4, lenye kiungo cha T ambacho mguu wake unashuka sentimita 40 chini ya uso wa maji, ili kinachotoka kichotwe chini na oili ibaki juu.

La pili, mvua. Chemba isiyo na paa ikipigwa na mvua ya masika inasukumwa yote, na oili ya mwezi mzima inaondoka kwa dakika kumi. Sehemu ya kuoshea iezekwe, na sakafu izungukwe na tuta la zege la sentimita 10 kuzuia maji ya nje.

La tatu, sabuni kali za kuoshea injini. Zinaivunja oili kuwa matone madogo mno yasiyopanda juu, na chemba inakuwa bure. Injini zioshwe mahali pa peke yake, na maji yake yakusanywe kwenye pipa.

La nne ni kusahaulika. Oili ikifika unene wa sentimita 5, au tope la chemba ya kwanza likifika sentimita 30, chemba itolewe uchafu. Kijiti kilichopakwa rangi kwenye alama hizo kinatosha kumwonyesha mkaguzi.

Maji yanayotoka chemba ya tatu yaingie kwenye bomba la maji taka pale lilipo, kwa kibali cha mamlaka ya maji. Yasipelekwe kamwe kwenye shimo la kunyonya. Mji huu unakunywa maji ya chemchemi na visima virefu, na oili iliyozama ardhini hakuna wa kuitoa.

HOJA YA 3: Tope la barabara za udongo na maeneo ya ujenzi

Kwa wingi wake, tope linashinda uchafu mwingine wote, na linabeba mengine mgongoni: fosfati, metali na vijidudu vimeng'ang'ania chembe za udongo. Wengi wanafikiri bwawa moja kubwa mwisho wa mtaro litamaliza kazi. Kwenye maji yaliyotulia kabisa, mchanga unatua ndani ya dakika chache. Chembe ya udongo ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inahitaji takriban saa tatu kushuka mita moja, na ya mfinyanzi ya mikroni 2 inahitaji zaidi ya siku tatu. Hakuna nafasi ya bwawa la namna hiyo kati ya Kaloleni na Lemara. Udongo mwepesi unazuiwa pale ulipo kabla haujaingia majini, ukishaingia umeshindwa.

Kwenye mifereji ya pembeni ya barabara za moramu zenye mteremko, tunaomba vizuizi vidogo vya mawe. Mawe ya sentimita 10 hadi 20, kizuizi cha kimo cha sentimita 30. Nafasi kati yake inapatikana kwa kanuni rahisi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Mfereji unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100 utahitaji kizuizi kila mita 6. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15. Hapa ndipo wengi hukosea: kizuizi kikiwa bapa au kimenyanyuka katikati, maji yanakizunguka, yanakula kingo, na barabara inaondoka pamoja na mfereji. Kisha watu wanasema vizuizi havifai.

Kwenye ujenzi, sharti liandikwe kwenye kibali na likaguliwe kabla msingi haujachimbwa. Mchanga na kifusi visimwagwe kwenye mtaro wala ukingoni mwake; rundo lifunikwe kwa turubai na kuzungushiwa viroba vya mchanga upande wa chini. Mlango wa malori utandazwe mawe ya milimita 50 hadi 75, unene wa sentimita 20, urefu usiopungua mita 15, ili matairi yaache tope ndani. Zege lisioshwe barabarani. Maji ya saruji ni makali kama magadi na yanaua samaki wadogo na wadudu wa mtoni.

Pale mtaro wa zege unapomwaga mtoni, pasipopangwa mawe au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) maji yanachimba ukingo. Mtaro mzuri wa juu unazalisha tope jipya chini.

HOJA YA 4: Vyoo vinavyotapishwa na mboga zinazoliwa

Kila mwenye mtaa anajua kinachofanyika usiku wa mvua kubwa. Choo kilichojaa kinatapishwa, mvua inabeba. Ni kosa kisheria na ni hatari. Ila wanaofanya hivyo wengi wanaishi kwenye vichochoro ambavyo gari la kunyonya haliwezi kupita, na bei ya gari hilo kwa mpangaji ni kubwa. Faini peke yake itasogeza tendo kutoka saa mbili usiku hadi saa nane.

Pampu za mkono zinazoingia vichochoroni zimeshatumika Dar es Salaam. Zinahitaji mapipa ya kusafirishia na kituo cha karibu ambapo gari kubwa linakuja kuchukua. Tunaomba vikundi vya vijana vipewe leseni, vifaa na chanjo, na huduma itolewe kwa bei nafuu Septemba na Februari, kabla choo hakijakutana na mvua.

Upande wa chini wa mto kuna bustani. Mchicha, figiri, kotimiri na saladi zinazouzwa mjini zinapata maji kutoka Themi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha koliformi za kinyesi (bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini) 1,000 kwa kila mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Maji ya mtaro uliopitiwa na choo kilichotapishwa yanapita kikomo hicho mbali sana.

Hatuombi wakulima wafukuzwe. Wakifukuzwa watahamia mtaro mwingine, na mji utakosa mboga. Tunaomba wapewe taarifa na mbinu: wasichote maji siku ya mvua ya kwanza na siku inayofuata, wamwagilie kwa mfereji kwenye shina badala ya kunyunyizia majani, waache kutumia maji ya mto siku kadhaa kabla ya kuvuna, maana jua na ukavu hupunguza vijidudu siku hadi siku. Wenyeviti wa mitaa wana vipaza sauti na makundi ya simu. Tangazo halina gharama.

HOJA YA 5: Taka ngumu

Zuio la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilisaidia, tunalishukuru. Sasa kinachoziba makalavati ni chupa, vifungashio vyembamba vinavyotumika kama mifuko, na nguo kuukuu.

Wavu wa chuma kwenye mtaro unafanya kazi ukijengwa ipasavyo. Ukiwekwa wima na kubana, unaziba kwa mvua moja, nyumba zinaingiwa na maji, na wenyeji wanaung'oa usiku huohuo, wana haki. Nondo zilale kwa nyuzi 45 hadi 60, nafasi ya sentimita 5 kati yake, eneo la wavu liwe mara tatu ya mdomo wa mtaro, na pawe na njia ya pembeni ya kumwaga maji wavu ukijaa. Kila mvua kubwa ikikatika, taka zitolewe siku hiyohiyo. Kama hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina na kwa mshahara, msiweke wavu kabisa.

HOJA YA 6: Vibali vya ujenzi vinaongeza maji kila mwaka

Kila kiwanja kinachosakafiwa ukuta hadi ukuta kinaongeza maji kwenye mtaro uliojengwa kwa hesabu ya zamani. Tunapendekeza sheria ndogo iseme hivi: kiwanja chochote kipya chenye paa na sakafu ngumu zinazozidi mita mraba 200 kishike milimita 15 za kwanza. Kwa mita mraba 200 hizo ni lita 3,000. Mwenye nyumba achague: tangi la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati lenye ujazo huo, ambalo litamfaa mwenyewe, au shimo la kunyonya. Shimo lililojazwa mawe lina nafasi ya maji kama asilimia 40 tu, kwa hiyo linatakiwa mita za ujazo 7.5, mfano urefu mita 2.5, upana 2 na kina 1.5.

Shimo lisichimbwe kabla ya kupima ardhi. Chimba kitundu cha sentimita 30, kijaze maji usiku ardhi ilowe, kijaze tena asubuhi na upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya milimita 15 kwa saa, weka tangi. Shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, lisikaribie msingi wa nyumba, na maji yapite kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa tope, la sivyo litaziba ndani ya misimu michache.

Kuhusu pevingi, yaani matofali ya kusakafia uwanja, kuna imani kwamba zinapitisha maji. Zilivyozoeleka hapa, juu ya mchanga uliochanganywa na saruji na viungo vilivyozibwa, hazipitishi. Zinazopitisha zinakaa juu ya kokoto safi zisizo na vumbi, unene wa sentimita 20 hadi 30, na viungo vinajazwa kokoto ndogo za milimita 2 hadi 5. Zinafaa mahali tambarare tu.

Kuhusu kingo za mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeshasema mita 60. Hatuna la kuongeza zaidi ya kuomba mipaka ipigwe vigingi na itambulike.

HOJA YA 7: Hakuna anayepima kwa wakati unaofaa

Sampuli ya Jumanne kavu asubuhi itaonyesha mto wenye afya. Tunaomba vituo vitatu: juu ya mji, katikati baada ya mitaro mikubwa kuingia, na chini upande wa Njiro. Vipimwe tope, oili, koliformi, BOD (kiasi cha oksijeni kinachotumika kuozesha uchafu majini), pH (kipimo cha asidi au magadi) na upitishaji wa umeme, ndani ya nusu saa ya kwanza ya mvua angalau mara mbili kila msimu.

Hakuna haja ya mtambo wa kigeni. Chupa ikifungwa kwenye nguzo mtaroni, mdomo ukiwa sentimita 15 juu ya sakafu, maji yakipanda inajaa yenyewe hata usiku wa manane. Kwa oili iwe ya kioo. Kwa koliformi njia hii haifai, maana sampuli inatakiwa ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Waheshimiwa, majibu tunayoyatarajia tunayajua, tuyapitie mapema.

Mtasema fedha hakuna. Kubadili tarehe ya usafi, kubadili kipimo cha malipo kwenye mkataba, kuongeza masharti kwenye kibali cha ujenzi na kutangazia wakulima hakuhitaji fedha mpya. Chemba za gereji zinajengwa na mwenye gereji. Kinachohitaji bajeti ni vizuizi vya mawe, nyavu na upimaji, na humo mawe ni ya hapahapa. Tuna wasiwasi zaidi na fedha inayotumika kila mwaka kuchota tope lilelile.

Mtasema mitaro si yenu. Ni kweli kwamba tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara kuu ziko kwa wakala wa barabara, TANROADS, mto uko Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na bomba la maji taka liko kwa mamlaka ya maji. Lakini vibali vya ujenzi na leseni za biashara vinatoka halmashauri, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 imeipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kila mdomo wa mtaro unaoingia mtoni upewe namba na mwenyewe mmoja, kwa hati iliyosainiwa na taasisi zote.

Mtasema wananchi ni wachafu. Wapo. Ila hakuna mwananchi anayetupa tani za moramu mtoni. Hizo zinatoka kwenye barabara isiyo na vizuizi.

Mtasema kuna mradi mkubwa unakuja. Basi ndiyo sababu ya kuharakisha. Mtaro mpana wa zege usio na chemba za tope utafikisha uchafu Themi haraka kuliko huu tulio nao. Mchoro unafutika kwa kalamu, zege linataka nyundo.

TUNAYOYAOMBA

(a) Ratiba ya usafi wa mitaro itangazwe kwa kila kata, na kazi iishe Oktoba 15 na mwisho wa Februari.
(b) Mikataba mipya ilipe kwa tope lililofikishwa dampo. Hili ndilo tungelichagua kama tungepewa moja tu.
(c) Rasimu ya sheria ndogo ya maji ya mvua, yenye masharti ya gereji, ujenzi na viwanja vipya, iletwe kwenye mikutano ya mitaa kabla ya kupelekwa baraza la madiwani. Gereji na waosha magari waliopo wapewe miezi sita na mchoro wa chemba bila malipo.
(d) Midomo yote ya mitaro inayoingia mitoni iorodheshwe, ipewe namba na wenyewe.
(e) Upimaji uanze na vuli ijayo.
(f) Fungu la matunzo litengwe kwenye bajeti pamoja na kila mtaro mpya. Mtaro usio na fungu la matunzo usijengwe.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja kwa kila ombi: linakubaliwa au linakataliwa, na nani atalisimamia. Tunaomba pia kikao cha wazi siku ya Jumamosi, mahali watu wa Unga Limited, Ngarenaro, Lemara na Njiro wanapoweza kufika kwa miguu au kwa daladala moja. Tutakuja na michoro, vipimo na watu wa kujitolea kuonyesha namna ya kujenga kizuizi cha kwanza cha mawe. Mawe tutaleta wenyewe. Kibali cha kuyaweka ndicho tunachokihitaji kutoka kwenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi, wapima maji, wakulima wa bustani na wakazi wa kandokando ya Themi, Arusha

Nakala:
Wenyeviti wa mitaa yote inayopitiwa na mito
Watendaji wa kata
Mbao za matangazo za masoko